Gari Lililokumbuka Kona

Nashona sare za shule mjini Morogoro. Desemba ikikatika, mashine zangu tatu hazilali, na wiki ya kwanza ya Januari huwa ni ya kupeleka mizigo kwa wateja wangu wa Dumila na Kilosa. Kwa miaka mingi nilipakia marobota kwenye mabasi, mara yanachelewa, mara yanalowa. Nilipopata akiba ya kutosha nikanunua gari la mkononi, Toyota Corolla ya 1998. Nilikuwa mmiliki wa nne. Bodi safi, injini tulivu, viti havijachanika. Nililijaribu Jumapili asubuhi mitaa ya Kihonda, barabara tupu, mwendo wa taratibu, nikaridhika.

Safari ya kwanza ya mzigo nilikwenda na binti yangu mkubwa. Tulipovuka daraja la Wami pale Dakawa tukakuta trekta mbele yetu. Nikaangalia, njia iko wazi, nikalipita. Niliporudi upande wangu nikategemea usukani ulegee na kujinyoosha wenyewe mikononi kama ilivyo kawaida. Haukujinyoosha. Ulibaki pale pale nilipoukatia, na gari likaendelea kukata kushoto kuelekea ukingo wa lami. Nikauvuta kulia, ukagoma kidogo, kisha ukaachia ghafla na gari likaruka kulia zaidi ya nilivyotaka. Kwa mbele lilikuwa linakuja lori la tela. Nilifanikiwa kulituliza kabla halijatufikia. Binti yangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, hasemi kitu. Nilisimama Magole nikakaa kimya muda mrefu kabla ya kuendelea, na kuanzia hapo mpaka Kilosa sikuvuka kilomita 50 kwa saa.

Nasimulia haya kwa sababu baada ya siku ile nilipoteza miezi miwili na pesa nyingi nikitengeneza vitu ambavyo havikuwa vibovu.

Fundi wa kwanza nilimwambia, "Stelingi nzito, na gari linavuta kushoto." Aliingia, akazungusha usukani mara mbili gari likiwa limesimama, akatoka. "Raki imekufa hiyo, dada." Raki ni kile chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu ukizungusha usukani. Hakupiga jeki, hakulala chini, wala hakuliendesha. Nami sikujua cha kumuuliza. Raki iliyotumika ikaletwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa laki 2 na 80, na ufundi juu yake. Nilipokabidhiwa gari, usukani ulikuwa umekaa kombo: magurudumu yamenyooka, lakini nembo ya katikati imeinama kulia. Nilipolalamika, fundi akaufungua usukani, akauhamisha meno mawili kwenye shafti yake, akaufunga tena ukaonekana umenyooka. Siku ile niliona amenisaidia. Leo najua kwamba usukani ukikaa kombo baada ya kazi ya chini, dawa yake ni kurekebisha tairodi zote mbili, zile fito zinazounganisha raki na magurudumu, mpaka raki ikae katikati. Ukiuhamisha usukani tu, raki inabaki imeegemea upande mmoja, gari linakata kona kali zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na mtu atakayekuja baada yako hatajua kwa nini.

Gari likaendelea kuvuta.

Nikapelekwa kwenye alaimenti ya kompyuta, yaani kupima na kunyoosha ulalo wa magurudumu. Kijana alipima, akarekebisha, akanionyesha kwenye skrini namba zote za kijani. Nilitoka pale nikafika kipilefti cha Msamvu, nikazunguka, na nilipoingia barabara ya Dodoma gari likaanza kuvuta. Nikarudi siku hiyohiyo. Akapima upya bila kugusa kitu, na namba zikaja tofauti na zile za asubuhi. Akasema mashine huwa ina siku zake. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mashine ilikuwa inasema kweli mara zote mbili: magurudumu yenyewe hayakuwa yamekaa mahali pamoja asubuhi na jioni. Karatasi zile mbili zilikuwa na jibu lote, nami niliziweka kwenye droo.

Fundi wa tatu alitaka kubadilisha pampu ya pawastelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi. Pesa ilikuwa imekwisha, na nashukuru ilikuwa imekwisha.

Mteja wangu mmoja, mama anayefanya biashara ya mchele, ndiye aliyeniambia kuna mzee upande wa Kihonda anayefanya miguu ya gari tu. Injini hagusi, umeme hagusi. Ana mti wa mwembe, jeki mbili, magogo ya kuzuia, na vijana wawili. Nilipofika nilianza kumwambia kama nilivyozoea: raki imebadilishwa, alaimenti imefanyika, sasa wanasema pampu. Akanizuia kwa mkono.

"Mwanangu, usiniambie nini kibovu. Niambie linafanya nini."

"Linavuta kushoto, mzee."

"Kila wakati?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo, nikajikuta nakumbuka. Nikizunguka kipilefti cha Msamvu, ambacho unakizunguka usukani ukiwa kulia, gari likitoka pale huvuta kulia. Nikiingia kushoto kwenye mtaa wangu, huvuta kushoto mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeliona hili zaidi ya mara kumi, lakini kwa kuwa barabara kuu ndiyo iliyonitisha, na kule nilirudi upande wa kushoto baada ya kupita trekta, nikabaki na neno moja, kushoto, nikawa nalirudia kwa kila fundi. Nao wakatibu kushoto.

Nilipomwambia hivyo, mzee alitabasamu. "Basi gari lako linakumbuka kona," akasema. "Linakwenda kule lilikotoka. Hiyo siyo raki."

Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia cherehani. Akauliza mashine ikiruka mishono naanza wapi. Nikajibu bila kufikiri: sindano. Nabadilisha sindano, naangalia kama imeingia upande wake, halafu uzi, halafu bobini, na tumbo la mashine silifungui mpaka hayo yote yameisha. "Haya," akasema, "fundi mwenzangu, twende tukaanze na sindano." Tangu siku hiyo hajaniita jina jingine.

Alichofanya baadaye nilikiangalia hatua kwa hatua, na kwa kuwa ndicho kilichonifungua macho nitakieleza kirefu.

Kwanza alipima upepo wa matairi yote manne. Tairi la mbele kushoto lilikuwa pungufu kidogo. Akayajaza kufuata stika iliyoko kwenye mlango wa dereva, kisha akahamisha matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto. Alieleza kwamba tairi lenyewe likiwa limesukwa au limeisha vibaya linaweza kuvuta gari, na ukilihamisha, mvuto unahama nalo. (Hili halifanyiki kwa matairi yenye mshale wa upande wa kuzunguka.) Tukaenda barabarani, yeye amekaa pembeni yangu. Mvuto haukubadilika. Tairi likaachiwa huru.

Tuliporudi alishuka haraka, akasogeza kiganja karibu na rimu moja baada ya nyingine bila kuzigusa. Breki iliyokwama hubana diski muda wote, na rimu yake huwa ya moto kuliko ya upande wa pili. Zilikuwa sawa. Breki nayo ikaachiwa.

Kisha injini ikawashwa, magurudumu yakiwa chini, kijana mmoja ndani anatikisa usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, kama mtu anayepepeta. Mzee amelala chini, kiganja chake kinapita kwenye kila kiungo: raki endi zilizoko mwisho wa raki, tairodi, boljointi zinazoshika gurudumu kwa chini, bushi za wishiboni, yaani mipira ya mikono inayoshika magurudumu. Kiungo kilichoisha unakisikia mkononi kabla jicho halijakiona, kinagonga. Alinilaza nami kwenye gunia akanishikisha. Viungo vyangu vilikuwa kimya, isipokuwa mpira wa tairodi ya kushoto uliokuwa umechanika na grisi yake kukauka. Akaniambia hiyo itabadilishwa, lakini hiyo peke yake haiwezi kumfanyia mtu niliyoyasimulia.

Ndipo wakapandisha mbele ya gari na kuliweka kwenye stendi na magogo. Mzee hakuamini jeki peke yake hata dakika moja, na vijana wake walijua. Akafunga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke ovyo, akatoa tairodi zote mbili kwenye magurudumu. Sasa raki ilikuwa peke yake, na kila gurudumu peke yake. Akafungua ule mkanda, akanipa usukani. "Zungusha." Ulizunguka mwepesi kutoka mwisho hadi mwisho, bila kukwaruza, bila sehemu nzito. Raki yangu ilikuwa nzima. Sikuwa na namna ya kujua kama ile ya zamani nayo ilikuwa nzima, kwa sababu fundi wa kwanza alibaki nayo.

Akaenda gurudumu la kulia, akalishika kwa mkono mmoja, akalizungusha kama mlango. Likaenda laini. La kushoto alilishika kwa mikono miwili. Likagoma, likasogea kwa kusaga, likaruka.

"Njoo uweke kiganja hapa nje ya springi," akaniambia. "Vidole visiingie katikati."

Nikaweka. Alipozungusha gurudumu, nikaisikia springi ikijikunja polepole chini ya kiganja changu, ikikaza, ikikaza, kisha ikaachia kwa mshtuko ulionifika kwenye bega. Nikatoa mkono. Yale yalikuwa yale yale ya Dakawa: kugoma, kisha kuachia ghafla.

Juu ya shokapu, pale linapofungwa kwenye bodi chini ya boneti, kuna beringi. Gurudumu likikata kona, shokapu na springi yake vinazunguka pamoja, na beringi ile ndiyo inayoviruhusu kuzunguka. Ikikwama kwa kutu na vumbi, sehemu ya juu ya springi inabaki imeshikwa huku ya chini inazungushwa, kwa hiyo springi inajikunja kama nguo inayokamuliwa. Ukikata kona kubwa, beringi inalazimika kuteleza na kukwama upya mahali papya, sasa imeelekea kule ulikokatia. Ukinyoosha usukani, springi inajikunja tena, na inavuta kurudi kwenye ile kona. Ndiyo maana mvuto ulibadilika upande kufuata kona ya mwisho. Ndiyo maana usukani haukujirudisha wenyewe. Ndiyo maana karatasi mbili za alaimenti hazikufanana. Mambo matatu niliyokuwa nayaona kama magonjwa matatu yalitoka kwenye kitu kimoja kinachoenea kiganjani.

Mzee alinitajia pia vitu vingine viwili vinavyoweza kuleta dalili kama hizo. Boljointi iliyokauka grisi nayo hulifanya gurudumu liwe zito, lakini springi haitaruka hivyo. Na kile kiungo cha msalaba kwenye shafti inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye raki, kikishika kutu, usukani unakuwa na sehemu nzito na sehemu nyepesi katika mzunguko mmoja, hata magurudumu yakiwa yameachanishwa. Wangu haukuwa hivyo.

Kazi ya kutoa shokapu aliifanya kwa vibana springi viwili, akivikaza kwa zamu, zamu kidogo kidogo. Aliwafukuza watoto wa jirani waliokuwa wanatazama. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na nimeshaona gereji wanaifunga kwa waya na kamba. Nikiona hivyo sasa nachukua gari langu naondoka. Beringi ilipotoka, gololi zake zilikuwa zimegeuka unga mwekundu. Alinimiminia kwenye kiganja. Upande wa kulia ulikuwa bado unazunguka, lakini mpira wake wa juu ulikuwa na nyufa, tukabadilisha zote mbili. Beringi na mipira yake vilinigharimu elfu 90, tairodi moja elfu 25, na ufundi elfu 40. Naandika bei hizi pamoja na ile ya raki ili anayesoma aone uzito wa kukosea mahali pa kuanzia.

Tukarudi kwenye alaimenti, safari hii mzee amekuja nami. Akamwambia kijana asogeze usukani urudi mahali pake pa haki, arekebishe tairodi kulia na kushoto mpaka raki ikae katikati, ndipo aguse mengine. Walipima, wakalitoa gari, nikalizungusha kiwanjani kulia na kushoto, wakalipima tena. Namba zilikuwa zilezile. Nilipotoka Msamvu kuelekea Dodoma, nilikata, nikalegeza vidole, na usukani ukarudi katikati wenyewe taratibu kama maji yanayotulia kwenye beseni. Nililia kidogo nikiwa peke yangu garini.

Tangu hapo nimejifunza mengine, baadhi kwa gari langu na baadhi kwa magari ya watu wanaopita dukani kwangu. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 au 100, ukaacha ukizidisha au ukipunguza, mara nyingi ni matairi hayana balansi. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, angalia diski. Mlio wa kukereketa ukikata usukani hadi mwisho mara nyingi ni mkanda wa pampu ya pawastelingi uliolegea. Mngurumo mfano wa mtu anayeugua, na povu kwenye chupa ya oili ya pawastelingi, ni upungufu wa oili au hewa imeingia, na oili haipungui bila kuwa na mahali inapotokea. Shika mipira ya kwenye raki, ukiikuta imejaa oili kwa ndani, umepata. Usishikilie usukani ukiwa umefika mwisho, pampu inaumia. Na oili isikosewe. Corolla kama yangu inatumia ATF, oili ya gia za otomatiki, ya aina ya Dexron, lakini yapo magari, Honda kwa mfano, yanayotaka oili yao yenyewe. Jirani yangu mmoja aliongezewa mafuta ya breki kwenye chupa ile na kijana wa kuosha magari aliyetaka kumsaidia. Sili zote za mpira zikavimba na kulainika.

Jambo moja zaidi kuhusu kuvuta kushoto. Barabara zetu zimeinama kidogo kwenda pembeni ili maji ya mvua yashuke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa litaelea kushoto polepole ukililegezea. Nimekutana na watu waliobadilisha spea kwa ajili ya mteremko wa lami. Tafuta mahali tambarare kwanza.

Mwezi wa Agosti jirani yangu, mwalimu wa sekondari, aliniomba nimsindikize kununua gari, nalo ni la umri kama wa langu. Nilikwenda na gunia langu. Muuzaji alishangaa kidogo kuniona nalala chini na vazi la dukani, lakini alikuwa mtu muungwana, akakaa ndani akatikisa usukani kama nilivyomwomba. Kulia kulikuwa na kugonga kwenye raki endi, hafifu, lakini kiganja kilisikia. Nikaomba tulizungushe. Tulikwenda hadi Msamvu, nikazunguka kipilefti, nikatoka upande wa Dodoma na kulegeza vidole, gari likanyooka. Nikageuza, nikaingia kushoto mtaa wa kwanza, nikalegeza tena, likanyooka. Niliporudi nikamwambia mwalimu aweke kiganja nje ya springi, vidole visiingie katikati, muuzaji akazungusha.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

"Sisikii kitu, dada."

Wakakubaliana muuzaji apunguze bei ya raki endi mbili na alaimenti, na mwalimu akalipa jioni hiyohiyo.